Kigari Kisichopita Mlangoni

Jumamosi, 7 Februari

Nimekabidhiwa kazi! Asubuhi Dorota aliketi kwenye kochi, tumbo limemtangulia, akaniita kwa jina langu zima, Zenon Gawlik. Jina zima hunitajia kanisani na kwenye ugomvi tu. Akasema mtoto anakuja ndani ya wiki mbili na nusu. Akasema anataka kitu kimoja kutoka kwangu, kimoja tu: kigari cha kusukuma watoto wawili. Binti yetu Hela, ambaye ana miaka miwili na hataki kushikwa mkono na mtu, akae upande mmoja. Mtoto mchanga alale upande wa pili. Mbele na nyuma au ubavu kwa ubavu, yeye hajali. Kipite mlangoni na kiwepo siku anayotoka hospitali. Basi.

Nikamwambia ahesabu kimeshafika.

Akanitazama. Akanikumbusha baridi ile aliyozaliwa Hela. Nilikuwa nasubiri bei ya vigari ishuke. Ilishuka kweli, mwezi wa tano. Wiki kumi Dorota alikaa pale dirishani na mtoto mapajani. Gari haendeshi. Mama yake yuko mitaa sita tu kutoka hapa, na hakuweza kufika, maana Hela alikuwa mzito na barabara ilikuwa barafu tupu. Kila nikirudi kazini namkuta anatazama ukuta wa matofali wa ng'ambo, macho mekundu. Leo akasema dirisha lile hatalikalia tena. Kama hakuna kigari, akitoka hospitali anakwenda moja kwa moja kwa mama yake, yeye na watoto wote wawili, mpaka Pasaka.

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningeogopa kidogo tu.

Akaongeza kwamba Bi Quintanar, jirani yetu wa chumba cha chini, anauza kile cha mapacha wake. Nikichukue, mambo yaishe. Nakijua! Kimekwaruzika, kinalia kwik kwik, kitambaa kinanukia tamale, ile mikate ya mahindi anayopika. Mimi, fundi wa milango wa miaka kumi na miwili, nimsukume mwanangu katika kitu kile mbele ya Ryszard? Ng'o!

Ryszard ni kaka yake Dorota. Anakaa ng'ambo ya barabara. Ana lori jipya na mashine ya kupulizia theluji, na ana namna yake ya kuniita "shemeji" inayonifanya nijikague kama nimefunga zipu.


Jumapili, 8 Februari

Baada ya misa nimempeleka Hela kwenye duka kubwa la vitu vya watoto. Dorota alibaki, alisema miguu imevimba.

Salaale! Sikujua binadamu wamefika huku. Vigari vimepangwa safu kwa safu, na taa zinaviwakia kutoka juu. Cha watoto wawili kimoja kina magurudumu matatu ya upepo, makubwa kama ya baiskeli. Kiti cha mtoto mchanga kinalala bapa kabisa kama kitanda. Kina kivuli chenye kidirisha. Msichana wa dukani akabonyeza kidole kimoja, kidole kimoja tu, jamani, kikajikunja mpaka kikawa kama begi la shule. Akabonyeza tena, kikainuka chenyewe. Nilivua kofia bila kujua. Hela alipanda akagoma kushuka, na mimi kwa kweli ningepanda kama kungekuwa na nafasi.

Bei yake inazidi gari langu la kwanza, na gari lile lilikuwa na redio.

Msichana akaniuliza mlango wa nyumbani una upana gani, kwa sababu hivi vya ubavu kwa ubavu vinawasumbua watu. Nikacheka mpaka machozi. Kuniuliza mimi upana wa mlango! Nikamjibu papo hapo, bila kufikiri: inchi thelathini na nne na nusu. Niliuweka kwa mikono yangu, na kadi ya vipimo bado ninayo. Akasema ni mpana sana kwa mlango wa nyumba. Nimemsamehe, ni mtoto wa juzi.

Tuliporudi tulimkuta Bi Quintanar anatoka kwetu. Alikuwa na tabasamu kubwa. Dorota naye tabasamu. Wanawake wakikaribia kujifungua huwa wanapendana sana.


Jumatatu, 9 Februari

Nimepata njia! Kwenye simu, kipindi cha chakula cha mchana, nimeona tangazo la bwana mmoja wa Berwyn, mji wa pembeni ya Chicago. Ana kigari cha watoto wawili, magurudumu matatu ya upepo, rangi ya biringanya. Hataki pesa. Anataka mlango wa mwaloni.

Nani ana mlango wa mwaloni? Mimi! Uko gereji, umefungwa blanketi, miaka miwili sasa. Ni wa bafuni kwetu. Bafuni tumetundika pazia kwa muda, mpaka nipate nafasi ya kuuweka. Kinyozi hajinyoi, watu husema, ila hawamuulizi kinyozi ana wateja wangapi. Dorota ameushikilia sana mlango ule, hasa mama yake akija kututembelea. Lakini akikiona kigari atasahau mlango.

Jambo la ajabu: jioni nimemwona Ryszard akishuka kwa Bi Quintanar na kopo la mafuta ya mashine. Ameniona akalificha nyuma ya koti. Kuna kitu anapanga. Na huko chini kitu kinalia kwik kwik. Nimempelekea Bi Quintanar mtego wa panya. Amenishukuru mno, kisha amefunga mlango, kisha nimesikia anacheka.


Jumatano, 11 Februari

Kimefika! Naandika haya nikiwa nimekaa mbele yake gerejini.

Rangi ya biringanya iliyoiva. Kina taa mbele. Kina mahali pawili pa kuweka kahawa, pa baba na pa mama. Nimekisukuma kwa kidole kikaenda chenyewe mpaka ukutani. Mtu aliyebuni gurudumu angefufuka akakiona, angelia.

Bwana wa Berwyn alikuwa mwaminifu kabisa. Alinieleza kwamba hiki hakikunjwi tena. Kilikuwa na tabia ya kujikunja chenyewe mtoto akiwa ndani, kwa hiyo akakichomelea kiungo. Nimefurahi, maana kitu kilichochomelewa kina nguvu zaidi. Upana nimeupima mara tatu: inchi thelathini na tatu. Mlango wangu thelathini na nne na nusu. Inabaki inchi moja na nusu ya kupumulia.

Alipoupakia mlango wa mwaloni moyo uliniuma kidogo. Kesho nakiingiza ndani Dorota akiwa ametulia sebuleni. Nataka nione uso wake.


Alhamisi, 12 Februari

Nimeona uso wake.

Nilikipandisha ngazi tano za kibarazani, nikafungua mlango kwa mbwembwe, nikasukuma. Kikagonga fremu. Nikarudi nyuma, nikaja kwa kasi. Kikagonga zaidi. Nikakiinamisha ubavu, kikaingia nusu, kikakwama kwa gurudumu na kwa taa. Mimi nje, Dorota ndani, kigari katikati, baridi yote ya Illinois inapita juu yetu kwenda jikoni. Hela akapita chini yake mara tatu, akitoka na kuingia, amefurahi kuliko sote.

Bi Quintanar akatoa kichwa kutoka chini akauliza kwa upole kama ninaingia au ninatoka.

Nikatoa utepe wa kupimia. Nafasi ya kupita ni inchi thelathini! Nikatazama kadi yangu. Lo! Kadi ni ya tundu. Kazini tunapima tundu la ukuta kabla hatujaweka kitu. Miaka kumi na miwili ninapima tundu. Kisha fremu inakula upande huu na upande ule, mlango wenyewe unakula unene wake kwenye bawaba, na mtu anayepita anapita kwenye makombo. Sijawahi hata siku moja kupima makombo, si kazi yangu. Mteja ndiye anayepita.

Inchi tatu! Nimeshangaa kwa dhati jinsi inchi tatu zinavyoweza kuwa nyingi.

Nikamwambia Dorota hakuna tatizo, nang'oa fremu kesho, nabomoa matofali kidogo, Jumapili jioni tuna mlango mpya. Akasema nikiigusa fremu ile mwezi wa pili, mtoto akiwa mlangoni, hasubiri hospitali, anaondoka leo. Kisha akauliza nilikitoa wapi. Nikamweleza. Akageuka akalitazama pazia la bafuni kwa muda mrefu. Halafu akaenda kulala, saa kumi na moja jioni.

Kigari nimekifunika turubai kibarazani. Bado ni kizuri sana.


Ijumaa, 13 Februari

Theluji. Tangu alfajiri haijakata. Mchana nimesimama dirishani nikaona kila gari limekuwa kilima, kisha vilima vyote vya mtaa vimekuwa kilima kimoja. Hakuna sauti hata moja. Hela ameweka kiganja kwenye kioo akasema "mkate". Sijui kwa nini, lakini nami nikaona mkate.

Dorota anahesabu siku kwa vidole. Ameuliza, kama ikianza usiku, gari liko wapi. Nimemwambia liko chini ya theluji. Mtaa wa tatu kutoka hapa, nilikopata nafasi.


Jumamosi, 14 Februari

Inchi kumi na nne! Nimechimba kwa chepe saa nne nzima, nikatengeneza nafasi mbele ya mlango wetu. Pembe zote zimenyooka. Nikamwambia Dorota hii ndiyo zawadi yangu ya siku ya wapendanao: hatua saba kutoka ngazini mpaka garini, lami kavu, hatateleza. Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilijiona mfalme.

Nikaweka kiti cha plastiki katikati, nikaenda kulileta gari. Nikarudi, kiti kiko kandoni na lori la Ryszard limejaa kwenye nafasi yangu!

Jamani, hata watoto wachanga wa Chicago wanajua sheria. Aliyechimba ndiye mwenye nafasi. Unaweka kiti, ndoo, sanamu, chochote ulicho nacho, na hakuna wa kukigusa mpaka theluji iyeyuke. Nikamwambia hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka Indiana, jimbo la jirani. Ryszard akashusha kioo cha lori taratibu. Akasema, shemeji, kiti chenye miguu mitatu si alama, ni taka iliyokosea njia. Akasema alikuwa anailinda tu nafasi, Dorota amempigia simu kumwomba, kwa sababu watu wa mtaa wa pili wanazunguka kutafuta pa kuegesha. Akaondoa lori. Ameniachia ubishi bila kuumaliza, jambo linaloudhi kuliko kushindwa.

Ndipo wazo likaja. Liliingia lenyewe, lote kwa pamoja, nikasimama na chepe mkononi kama niliyepigwa radi.

Nina kigari kisicho na nyumba. Nina nafasi isiyo na mlinzi. Nani, katika mji huu wa Wakatoliki, atathubutu kugusa kigari cha watoto?

Nimekiweka katikati ya nafasi. Turubai juu, ndoo ya chumvi ndani kukipa uzito, taa ya mbele nimeiwasha. Nikienda na gari kinakaa, nikirudi nakivuta kandoni. Ryszard amekuja kukitazama. Akasema hicho ni chombo cha watoto, shemeji, si mbwa wa kulinda. Nimemwambia asijali, wivu ni ugonjwa wa kawaida.


Jumapili, 15 Februari

Fahari! Watu wakitoka misa wanasimama kukitazama. Wengine mtaani wameweka viti, ndoo, meza ya kupigia pasi (hiyo ya Ryszard), lakini hakuna anayezitazama hizo. Wawili wamekipiga picha. Bibi mmoja wa kwaya ameinua turubai kuona kama kuna mtoto ndani, amekuta ndoo ya chumvi, amefanya ishara ya msalaba na kunitazama dirishani.

Usiku wa jana mtoto alicheza. Dorota aliuchukua mkono wangu akauweka. Kisigino! Nilikishika kisigino cha mtu ambaye bado hajafika. Kiliteleza chini ya kiganja changu kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kana kwamba anatafuta mlango. Dorota akaniuliza kwa sauti ndogo atatoka na watoto wote wawili vipi. Nikamwambia nina mpango.

Sina mpango. Nimewaza bawaba mbili na msumeno wa kukikata kigari katikati.


Jumatatu, 16 Februari

Jua! Mifereji yote inaimba. Nimekwenda kazini bila glavu. Maji yanashuka barabarani kama mto, na watoto wa Bi Quintanar wanarusha vijiti ndani yake.

Dorota amesema theluji inakwisha, nikiingize kigari gerejini. Nimemwambia kesho. Leo usiku nalala mapema, kwa sababu kesho ni Jumanne ya pączki, mkesha wa Kwaresima, na Dorota anataka pączki, yale maandazi ya jamu ya waridi, ya duka lile la barabara ya Archer tu, si jingine. Foleni inaanza kabla ya mapambazuko. Nitakuwa mtu wa kwanza. Mwanamke aliyekosa mlango na akakosa kigari hawezi pia kukosa andazi.

Nimesikia kwik kwik tena huko chini. Kisha ikakoma kabisa. Mtego umefanya kazi.


Jumanne, 17 Februari

Sijui nianzie wapi. Naandika kwenye kiti cha hospitali.

Sikuwa mtu wa kwanza. Nilikuwa wa mia moja na kitu. Lakini foleni ilivyokuwa! Mstari umezunguka kona mbili, mvuke unatoka vinywani, wazee wenye kofia za manyoya, akina mama na watoto migongoni, kila mtu mwema kwa jirani yake. Mlango ukifunguka ile harufu inatoka na watu wote wanainua pua. Nimenunua kumi na mawili, bado ya moto, nikayakumbatia ndani ya koti.

Saa mbili asubuhi nimekata kona ya mtaa wetu. Barabara nyeusi. Kavu. Si theluji, si kiti, si ndoo, si meza ya pasi. Nafasi yangu imebaki lami tupu.

Bi Quintanar alikuwa anafagia kandoni. Akasema mtu wa vyuma chakavu alipita saa kumi na mbili na nusu na lori lake, akasomba mtaa mzima. Kigari alikiweka juu kabisa, juu ya viti vyote, taa bado inawaka. Bi Quintanar alimkimbilia na ufagio, akamwambia kile ni cha watoto. Yule mtu akamwonyesha barabara kwa mkono wake wote, kutoka mwanzo hadi mwisho: mama, theluji iko wapi? Ikishayeyuka, kilichobaki barabarani ni taka. Bi Quintanar akarudi kufagia.

Sheria ni sheria. Mimi ndiye niliyeipigia kelele Jumamosi.

Nilisimama na maandazi yangu kifuani. Nikafikiria kile kigari kikipita Archer juu ya vyuma vyote, taa mbele, jua linachomoza nyuma yake. Kwa kweli lazima kilipendeza.

Ndipo mlango ukafunguka. Dorota kwenye ngazi, ameshika nguzo. Akauliza mkoba wa hospitali uko wapi. Kwa nyuma yake sakafu ilikuwa imelowa.

Ryszard alivuka barabara akiwa amevaa soksi, akambeba Hela. Mimi nikaendesha. Nilimwambia Dorota habari ya kigari kwenye taa nyekundu ya pili, kwa sababu sijui kuficha kitu. Uchungu ukamjia, akanishika mkono, akaubana mpaka pete ya ndoa ikageuka upande. Ulipopita akafumba macho akaomba andazi.

Nimejua. Ni kwa mama yake mpaka Pasaka. Na haki anayo.


Jumatano, 18 Februari

Mvulana. Ignacy. Saa tisa alfajiri.

Nimeona mlango ambao hakuna fundi atakayeupima. Sisemi zaidi. Nimekuwa nikijifanya najua jinsi vitu vinavyopita, na sijui lolote. Kichwa chake ni kikubwa, nimekishika, ni kikubwa kweli, na amepita! Na Dorota, mtu yule yule anayeshindwa kufungua chupa ya achari, alikaa baadaye na nywele zimemganda usoni akauliza kama kumebaki andazi.

Nimehesabu kucha. Kumi mikononi, kumi miguuni, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, na kila moja imekatwa vizuri pembeni. Nani amezikata? Nimemuuliza muuguzi. Akaniambia nikae chini.

Mchana padri amepita wodini na majivu ya Kwaresima. Akanipaka kipaji cha uso akaniambia mimi ni mavumbi. Nikamwambia najua, Padri. Nikalia mbele yake kama mtoto. Nililia kwa furaha, na nililia kwa sababu keshokutwa nyumba yangu itakuwa tupu.


Ijumaa, 20 Februari

Tumetoka hospitali. Nilimfunga Ignacy kwenye kiti chake garini, nikafungua tena, nikamfunga tena. Sikuulizwa kitu. Tulipofika barabara ya Pulaski nikawasha taa ya kushoto mwenyewe, kwenda kwa mama mkwe. Niliona ni afadhali nimpeleke kiungwana kuliko kungoja aniambie.

Dorota akauliza ninakwenda wapi. Nikamwambia. Akasema geuza gari.

Mbele ya nyumba yetu walikuwa wamesimama watatu: Ryszard, Bi Quintanar na Hela. Hela alikuwa ameketi. Ameketi kwenye kiti cha mbele cha kile kigari cha mapacha! Kimesuguliwa mpaka fremu inang'aa. Magurudumu mapya. Kitambaa kimefuliwa, kinanukia sabuni na, kwa mbali, tamale. Ryszard akakisukuma mbele na nyuma kunionyesha. Hakikulia hata kidogo.

Dorota alikinunua Jumapili ile ya tarehe nane, nilipokuwa dukani navua kofia. Siku kumi na mbili kilikuwa chini ya unyayo wangu. Mbele na nyuma, upana inchi ishirini na mbili. Kilipanda ngazi tano na kupita mlangoni kama maji, na ikabaki nafasi ya kiganja changu kila upande. Bi Quintanar amenirudishia mtego wangu wa panya, umefungwa utepe wa zawadi.

Nilimfuata Dorota chumbani. Nikamuuliza, kama alikwisha kununua, kwa nini alinipa ile kazi siku moja kabla, na kwa nini hakuniambia niache.

Akasema siku ile alinipa kwa moyo wote. Alitaka kuona kama safari hii nitashuka ngazi nane kwa Bi Quintanar na kurudi. Akangoja usiku mzima. Asubuhi nikaenda dukani. Akasema dirisha lile alilikalia wiki kumi kwa kungoja, hawezi kungoja tena, hata kwa ajili yangu. Na kuniambia niache? Akaniuliza lini niliwahi kuacha. Akasema nisingekuwa na kigari cha kuhangaikia, ningetafuta kitu kingine, na hospitali ina milango mingi.

Hakuwa na hasira. Alikuwa anamnyonyesha Ignacy, na aliponiambia hayo alinishika sikio. Nimeona aibu mpaka visigino. Nimeapa kwa jina la Bikira: basi. Mipango basi.


Jumamosi, 21 Februari

Kavu, jua dogo. Saa nne asubuhi Dorota amevaa koti, amemweka Ignacy nyuma amelala bapa, Hela mbele na biskuti. Daktari amemruhusu mwendo mfupi tu, taratibu. Nikamuuliza niende naye. Akasema hapana. Anataka kutoka mwenyewe.

Nilikaa dirishani, kwenye kiti chake kile. Nikamwona akishika njia ya kanisa, polepole, mgongo umenyooka, watoto wote wawili mbele yake kwa mkono mmoja, wa pili uko mfukoni. Akasimama kuzungumza na bibi wa kwaya. Akacheka! Nilimwona kichwa kikienda nyuma. Kisha akageuka kona, ukuta wa matofali ukabaki peke yake.

Nimeutazama ule ukuta dakika ishirini. Sijui aliwezaje wiki kumi.


Jumapili, 22 Februari

Theluji tena! Inchi tisa. Nimechimba tangu alfajiri, pembe zimenyooka vizuri kuliko mara ya kwanza. Mtaa mzima hauna kiti, kila kitu kilikwenda na lori la vyuma, na gari langu liko mtaa wa tatu. Nikienda kulichukua, nafasi inaporwa. Ryszard yuko misa. Nani alinde?

Yule bwana wa Berwyn amepiga simu. Mlango wa mwaloni hauingii kwake, ni mpana. Nimemuuliza alipima nini. Tundu la ukuta, kasema. Nimecheka mpaka Ignacy akashtuka usingizini. Watu wengine jamani!

Wazo langu lilikuwa dogo sana. Dakika tano tu. Kigari cha Bi Quintanar kiko ukumbini, hakuna anayekitumia saa hizi, Dorota na watoto wamelala. Nikiweke nje, nikimbie, nirudi. Nani atagusa kigari cha watoto, na theluji hii mbichi?

Nimeshuka kwa vidole. Masalale! Kimefungwa. Mnyororo mnene, umezunguka fremu mara mbili na kupita kwenye bomba la joto la ukutani, na kufuli kubwa kama ngumi. Nimerudi chumbani kwa vidole. Ufunguo uko shingoni mwa Dorota, kwenye uzi mmoja na medali ya Bikira. Alijua. Hata theluji ilikuwa bado haijaanguka, na alijua! Nimesimama juu yake nikimtazama amelala, na nimejaa staha kwa mwanamke huyu kuliko siku ya harusi.

Mkasi wa kukatia vyuma uko kwenye gari. Mtaa wa tatu. Dakika kumi kwenda na kurudi.